Askari Wetu Wakipelekwa Nje, Nachingwea na Ruangwa Ziulize

Ndugu wanachama, liko wazo moja ambalo limeota mizizi katika matawi yetu, toka Nachingwea mjini mpaka vijiji vya ndani huko Ruangwa. Wazo lenyewe ni kwamba mambo ya jeshi ni ya wakubwa, nasi kazi yetu ni kulima ufuta na korosho na kushukuru kwamba nchi ina amani. Mwenye wazo hilo si mtu mbaya. Mara nyingi ni mzee mwenye adabu, aliyelelewa kuiheshimu Serikali, naye hudhani kwamba kunyamaza ndiyo heshima yenyewe. Sisi twakataa. Askari si mali ya wakubwa. Askari ni mtoto wa mtu, amezaliwa kijijini, amesoma shule ya msingi pamoja na watoto wetu, na akifa huzikwa kijijini.

Tunayoyataka ni machache, na yafaa tuyaseme mapema ili asije mtu akatusingizia mengine. Serikali inapokusudia kupeleka askari wa JWTZ nje ya mipaka, iwe kupigana au kulinda amani, jambo hilo lipelekwe Bungeni, Wabunge walijadili na walipigie kura, na wananchi waambiwe mambo manne: sababu, mahali, idadi na muda. Siasa ya serikali kupatana na serikali, kisha mwananchi wa kawaida akaanza kufikiri juu ya safari hiyo siku ambayo majeneza yanashushwa uwanja wa ndege, hiyo tunaipinga. Tena tunaipinga kwa njia iliyo wazi, yaani kuwaandikia viongozi, kwenda kuonana nao, na kudai majibu.

Majeneza hayo si habari ya kubuni. Tarehe 7 Desemba 2017, huko Semuliki katika Kivu Kaskazini, kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa ilishambuliwa usiku, na Watanzania wasiopungua 14 wakauawa. Walikuwa katika kikosi kilichoundwa mwaka 2013 kwa azimio la Baraza la Usalama namba 2098, Tanzania ikiwa pamoja na Afrika Kusini na Malawi, na jenerali wa kwanza wa kikosi kile alikuwa Mtanzania, James Mwakibolwa. Kikosi hicho kilisaidia kulishinda kundi la M23 mwaka huo huo wa 2013, na twajivunia. Lakini M23 walirudi. Desemba 2023 nchi zile zile tatu zikapeleka askari tena Kongo, safari hii chini ya SADC. Aprili 2024 kombora likawaua Watanzania watatu. Mwisho wa Januari 2025, Goma ilipotekwa, askari wengine wawili walikufa, na JWTZ ikavitangaza vifo hivyo. Tarehe 13 Machi 2025 wakuu wa SADC wakakutana na kuamua kwamba kazi hiyo ikome.

Basi twauliza: askari hao watano walikufa kwa kazi iliyofikia wapi? Huenda jibu lipo, tena jibu zuri. Walakini jibu zuri lililofungiwa ofisini halimfariji mama wa askari.

Na kama Kongo ni mbali, Cabo Delgado si mbali. Ukitoka Nachingwea ukapita Masasi ukashuka, utafika Ruvuma, na ng'ambo ya Ruvuma ni Msumbiji. Wamakonde, Wayao na Wamakua wako pande zote mbili za mto, na mpaka huo uliwekwa na Mjerumani na Mreno bila kumwuliza hata mmoja wao. Tarehe 5 Oktoba 2017 watu wenye silaha waliushambulia mji wa Mocímboa da Praia, na tangu siku hiyo Cabo Delgado haikutulia. Oktoba 2020 moto ulivuka mto, kijiji cha Kitaya katika Mkoa wa Mtwara kikashambuliwa. Julai 2021 SADC ikapeleka jeshi, na Tanzania ilikuwemo. Julai 2024 jeshi hilo likaondoka, lakini askari wa Tanzania walibaki wilayani Nangade kwa mapatano ya nchi mbili. Hatusemi ilikuwa vibaya kubaki. Mwenye nyumba inayopakana na nyumba inayoungua hana budi kushika ndoo. Tunasema kwamba mapatano ya nchi mbili ni mapatano ya wananchi wa nchi mbili, na wananchi wa upande huu hawakuulizwa kwa kura hata ya Wabunge wao.

Sasa atakuja mtu aseme: mbona Nachingwea na Ruangwa ndizo zipige kelele, wakati Dar es Salaam imenyamaza? Jibu letu ni kwamba hakuna sehemu ya Tanzania Bara inayofahamu zaidi yetu maana ya kuishi karibu na bunduki ya vita vya nchi nyingine. Tukumbushane kidogo, maana vijana wengi hawakuhadithiwa.

Mwaka 1947 Waingereza walikuja na mpango wao wa karanga. Walikata msitu, wakaleta matrekta, wakajenga reli toka Mtwara mpaka Nachingwea, na kufika 1951 mpango wote ulikuwa umekufa. Karanga hazikuota kama walivyopiga hesabu London. Reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, vyuma vikang'olewa. (Kama mpango ule ungeanza kwa kumwuliza mkulima mmoja wa Kimwera juu ya mvua na udongo, Serikali ya Uingereza ingeokoa fedha nyingi. Lakini hiyo ni hadithi nyingine.) Yaliyobaki yalikuwa mashamba makubwa yaliyosafishwa na majengo matupu. Katika mashamba hayo, tangu 1965, FRELIMO walipewa mahali pa kufundishia askari wao. Vita vyenyewe vilikuwa vimeanza tarehe 25 Septemba 1964 huko Chai, Cabo Delgado. Samora Machel alikaa hapa Nachingwea, akafundisha hapa, na toka hapa vikosi vilikwenda Ruvuma.

Wakati huo Ruangwa ilikuwa bado haijawa wilaya yake yenyewe. Wazee wa sehemu zote mbili walitoa ardhi, chakula na siri yao. Siri ndiyo tunayoisifu kupita vyote. Kijiji kizima kilijua wageni ni nani, na Mreno hakuambiwa.

Walakini siri ile haikuwa sawa na ujinga. Wananchi walijua sababu ya vita, maana waliambiwa katika mikutano ya hadhara, redioni na magazetini. Walijua adui ni Ureno, na walijua nani anampa adui silaha. Hapo ndipo tunapopata somo letu la kuwafikia viongozi.

Ureno ilikuwa nchi maskini kuliko karibu zote za Ulaya ya Magharibi. Ingewezaje kupigana vita vitatu kwa wakati mmoja, Angola, Guinea na Msumbiji? Jibu ni kwamba tangu 1949 Ureno ilikuwa mwanachama wa NATO, na marafiki zake wa NATO waliiuzia na kuipa silaha. Katikati ya miaka ya 1960 Ujerumani ya Magharibi iliiuzia Ureno ndege za kivita 40 za aina ya Fiat G.91. Kwa maandishi, ndege hizo zilikuwa za ulinzi tu chini ya mapatano ya NATO. Lakini Ureno ilidai kwamba Msumbiji ni mkoa wa Ureno, kwa hiyo kupiga mabomu Msumbiji ni kuilinda Ureno! Ndege zikapelekwa Guinea kwanza, kisha Msumbiji. Mtu wa Bonn aliyetia sahihi mauzo yale labda hakuijua hata Ruvuma iko wapi.

Viongozi wetu hawakungoja ndege hizo ziishe mafuta. Tarehe 2 Oktoba 1969 Mwalimu Nyerere alisimama katika Chuo Kikuu cha Toronto, nchini Kanada, akawaeleza Wakanada waziwazi kwamba nchi yao ni mwanachama wa NATO, na kwamba Waafrika wanaopigania uhuru wakinyimwa msaada na Magharibi watachukua silaha toka Mashariki, na haitakuwa haki kuwalaumu. Hakwenda kuomba sadaka. Alikwenda kumwambia rafiki kwamba rafiki anamsaidia mwuaji.

Mwaka uliofuata likaja jambo kubwa zaidi. Juni 1970 chama cha Conservative kilishinda uchaguzi Uingereza, na Julai Serikali mpya ya Bwana Edward Heath ikaonyesha nia ya kuanza tena kuwauzia silaha Makaburu wa Afrika Kusini, jambo ambalo Serikali ya Labour ilikuwa imelizuia tangu 1964. Kisingizio kilikuwa manowari za Warusi katika Bahari ya Hindi. Mwalimu akaandika. Rais Kaunda naye akaandika. Oktoba 1970 Mwalimu akakutana na Bwana Heath uso kwa uso huko Uingereza, na mkutano ule haukuwa wa kunywa chai na kucheka. Januari 1971 viongozi wa Jumuiya ya Madola walipokutana Singapore, Tanzania ilifika na maelezo yake yote yameandikwa, ikasema kwamba nchi inayowapa Makaburu silaha haiwezi kudai kwamba inaamini usawa wa watu. Milton Obote wa Uganda alisimama upande huo huo. Tarehe 25 Januari, akiwa bado hajafika nyumbani toka mkutano ule, Idi Amin akampindua.

Je, barua zile zilifaa nini? Mtu mwenye pupa atasema hazikufaa, maana Bwana Heath hakukubali kushindwa pale Singapore. Lakini tazameni vizuri. Mpango mkubwa wa silaha uliokuwa ukizungumzwa ulinywea ukawa helikopta 7 za aina ya Wasp zilizotangazwa Februari 1971, na hata hizo ziliiharibia Uingereza jina mbele ya Nigeria, India na Malaysia. Mwaka 1974 Labour walirudi, na 1975 mapatano ya Simonstown, yaliyokuwa mlango wa biashara ile, yakavunjwa. Tarehe 4 Novemba 1977 Baraza la Usalama likapiga marufuku kabisa kuiuzia Afrika Kusini silaha, kwa azimio namba 418. Barua iliyoandikwa 1970 ilipata jibu lake polepole, kwa muda wa miaka saba.

Wala haikuwa kazi ya marais peke yao. Uingereza, Uholanzi na Sweden walikuwako watu wa kawaida, walimu, mapadri, wanafunzi na wafanyakazi, waliowaandikia Wabunge wao juma baada ya juma. Tarehe 16 Desemba 1972 askari wa Ureno waliwaua wanavijiji wa Wiriyamu, katika jimbo la Tete. Habari hiyo ilitolewa na mapadri waliokuwa Msumbiji, na Julai 1973 Padri Adrian Hastings akaichapisha katika gazeti la The Times, siku chache kabla Waziri Mkuu wa Ureno, Caetano, hajafika London kwa ziara ya heshima. Ziara ilifanyika, lakini ilikuwa ziara ya aibu. Tarehe 25 Aprili 1974 askari wa Ureno wenyewe, waliochoka na vita, walimwangusha Caetano. Hatusemi barua ndizo zilizomwangusha. Waliomshinda ni wapiganaji. Lakini kila ndege ambayo Ureno ilinyimwa ilikuwa ni pumzi kwa mpiganaji aliyetoka Nachingwea.

Twaomba mtazame jinsi barua hizo zilivyokuwa. Zilitaja ndege kwa jina, zikataja mkataba, tarehe na mtu mwenye kuweza kubadili jambo. Barua isemayo tu kwamba vita ni vibaya, kiongozi huisoma akatikisa kichwa kwa kukubali, kisha akaiweka kando. Barua inayouliza swali moja lenye jibu humkosesha usingizi.

Mbona basi twazisifu barua kwa Waingereza, na tunaogopa kuwaandikia wa kwetu? Hapa twajua baadhi yenu watatukumbusha mwaka 1966. Tarehe 22 Oktoba mwaka ule wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa vyuo vingine waliandamana wamevaa majoho, wakapeleka madai yao Ikulu, kuipinga sheria ya kuwataka wasomi waingie Jeshi la Kujenga Taifa kwa lazima. Sheria iliwataka wakae kambini miezi mitano, kisha wafanye kazi miezi 18 kwa asilimia 40 ya mshahara. Mwalimu aliwasikiliza, akakasirika, akawafukuza 393 warudi kwao. Akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mwaka uliofuata wengi walisamehewa wakarudi masomoni.

Sisi tuliosomea ualimu tumebishana juu ya habari hii mara nyingi, na rai yetu ni hii. Wanafunzi wale hawakukosea kumwendea Rais. Kumwendea Rais ni haki. Walikosea mambo mawili. Walikwenda na vitisho badala ya hoja, na hoja yao kubwa ilikuwa mfuko wao wenyewe, wakati wakulima waliokuwa wakilipa kodi ya kuwasomesha hawakuwa na mshahara hata wa kukatwa. Lakini na Serikali nayo isisifiwe kwa kila kitu. Kuwafukuza vijana 393 kwa siku moja kulifundisha kizazi kizima kwamba jambo lenye neno jeshi ndani yake haliguswi. Hofu hiyo imedumu kuliko sheria yenyewe. JKT ya lazima ilisimamishwa 1994, ikarudishwa 2013 kwa vijana wamalizao kidato cha sita, na mara zote mbili mjadala ulikuwa wa wachache.

Kama twataka mfano bora zaidi wa kiongozi kueleza mambo ya jeshi, na tuutazame mwaka 1964. Januari ya mwaka ule askari wa Tanganyika Rifles waliasi, na Mwalimu akalazimika kuwaita Waingereza wale wale tuliowaondoa. Ilikuwa fedheha kubwa. Angeweza kunyamaza. Badala yake aliwaita mawaziri wa nchi za Afrika Dar es Salaam, Februari 1964, akawaeleza kwa nini alifanya hivyo, na askari wa Nigeria wakaja kushika nafasi ya Waingereza. Tarehe 1 Septemba 1964 JWTZ ikazaliwa. Tena Novemba 1978, Amin alipokuwa ameivamia Kagera, Mwalimu alilieleza taifa hadharani kwa nini tunapigana, na wananchi wakatoa ng'ombe, malori na watoto wao. Serikali iliyoeleza ilipata msaada zaidi kuliko iliouomba.

Kwa upande wa pili tukumbuke kwamba kutouliza kuna gharama. Mwaka 1975, vita vikiwa vimekwisha na uhuru wa Msumbiji ukikaribia, ni hapa hapa Nachingwea, katika kambi ile, ambapo FRELIMO waliwatoa mbele ya watu wafungwa wao wa kisiasa, akiwamo Uria Simango aliyekuwa makamu wa Mondlane, wakasomeshwa maungamo. Walipelekwa Msumbiji, na baadaye Simango aliuawa bila kesi ya haki. FRELIMO ni ndugu zetu na tutabaki hivyo. Lakini jambo lile lilifanyika juu ya udongo wetu, na hakuna mwananchi wa Nachingwea aliyepewa nafasi ya kuuliza.

Turudi katika sheria. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 44, inampa Rais madaraka ya kutangaza hali ya vita, na inataka Bunge liitwe ndani ya siku 14 lipitishe azimio la kumwunga mkono. Vizuri. Lakini kupeleka kikosi Kongo au Nangade hakuitwi kutangaza vita. Huitwa ulinzi wa amani, au msaada, au mapatano, na kwa jina hilo hupita pembeni ya ibara ya 44. Risasi hainayo habari na jina hilo.

Wenzetu wameliziba tundu hili. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 240, yasema kwamba majeshi yatapelekwa nje kwa kazi ya amani kwa idhini ya Bunge. Katiba ya Afrika Kusini, kifungu cha 201, yamtaka Rais aliarifu Bunge upesi sababu, mahali, idadi ya watu na muda. Ndiyo maana Januari 2025, Afrika Kusini ilipopoteza askari 14 katika vita vya Goma, Wabunge wao walimkalia Waziri wa Ulinzi kooni. Walikuwa na kifungu cha kushika mkononi. Sisi tulikuwa katika vita hivyo hivyo, katika kikosi hicho hicho, bila kifungu cha namna hiyo. Je, Mkenya na Msauzi ni watu wazima kuliko Mtanzania?

Wako wanaosema kwamba Bunge likijua, adui naye atajua. La hasha. Hatuulizi kambi iko kilima gani wala zamu ya usiku inabadilishwa saa ngapi. Hayo ni siri kweli kweli, na mwanachama atakayeandika barua ya kuuliza hayo tutamrudishia barua yake. Twauliza yale manne. Tena ikiwa liko jambo la siri, Bunge lina Kamati ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama, ambayo inaweza kukaa milango imefungwa. SADC yenyewe hutangaza kwa ulimwengu mzima kwamba imepeleka jeshi. Adui asomaye tangazo la SADC ajue, na mkulima wa Ruangwa asijue, hiyo ni siri ya namna gani?

Wengine watasema kwamba kuuliza ni kuwavunja moyo askari. Sisi twaona kinyume. Askari amefungwa mdomo na kiapo. Ibara ya 147 ya Katiba inamkataza hata kuwa mwanachama wa chama chochote cha siasa, na ni haki iwe hivyo, maana hatutaki jeshi la chama. Lakini ikiwa yeye hawezi kusema, nani atasema kwa ajili yake? Ni baba yake, mama yake na mwalimu wake wa zamani. Mjane anayetaka kujua mafao yatatoka lini asiachwe kuzunguka ofisi peke yake.

Twajua pia kwamba watu wa huku hawaogopi kumwendea mkubwa. Toka Novemba 2015 mpaka 2025 Mbunge wa Ruangwa, Ndugu Kassim Majaliwa, ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu, naye mwenyewe alisomea ualimu. Kwa miaka kumi njia ya Ruangwa kwenda ofisi kuu ilikuwa fupi, na mambo ya maji, barabara na shule yalipita njia hiyo. Njia ni ile ile, na jambo la askari lipite humo humo, hata kama leo ofisi zile zina watu wengine.

Basi na tufanye hivi. Kila tawi liweke jambo hili katika mkutano wake ujao, lijadiliwe, na wanaolipinga wapewe nafasi sawa ya kusema, maana kati yao wamo waliovaa magwanda nao wana mengi ya kutufundisha. Kura ikipigwa, Katibu aandike katika muhtasari wa mkutano waliokubali ni wangapi na waliokataa ni wangapi. Kisha iandikwe barua ya ukurasa mmoja kwa Mbunge wa jimbo, nakala kwa Spika, kwa Kamati ile ya Bunge, na kwa Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa. Iseme nani anaandika, wako wangapi, wanataka nini. Iombe mambo mawili tu: Mbunge aulize swali Bungeni juu ya askari walioko nje sasa, kama wako, na alete hoja ya kuitengeneza sheria ili kura ya Bunge iwe ya lazima. Na iombe jibu la maandishi.

Lugha iwe ya heshima. Hatuna sababu ya kumtukana mtu tunayetaka atusaidie. Lakini pasiwe na maneno ya kujipendekeza, nusu ukurasa wa pongezi kabla ya swali, kwa sababu msomaji hupongezwa akachoka, na swali likasahaulika. Barua isitiwe sahihi na Mwenyekiti peke yake. Kila mwanachama aliyekubali aandike jina lake, na asiyejua kuandika atie dole gumba. Wasiokubali wasilazimishwe, wala wasitazamwe kwa jicho baya.

Barua zipelekwe kwa mkono ofisi ya Mbunge, na mpelekaji adai zigongwe mhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Nakala moja ibaki tawini. Miezi miwili ikipita bila jibu, wajumbe watatu waende kumwona Mbunge akiwa jimboni, wakiwa na nakala yao yenye mhuri. Tawi lisilo na mtu wa kuandika lituarifu mapema, nasi tutampeleka mwalimu na karatasi.